Chupa ya Bi Kulusum

Saa kumi alasiri Dakta Nabangala alikuwa ananawa mikono kwenye sinki la maabara wakati seli za Bi Kulusum zilipoanza kuhama. Akech, msaidizi wake, alikuwa amezitoa kwenye kabati la joto na kuiweka chupa mezani ili azibadilishie maji ya lishe. Zilikuwa zimetawanyika vizuri chini ya chupa, kama inavyotakiwa. Kisha zikaanza kujikusanya upande mmoja, upande wa mlango, mpaka yale maji ya pinki yakawa na ukungu huku na safi kule.

"Mzee amefika," Akech akasema, bila kuinua kichwa.

Ni kweli alikuwa amefika. Huko chini uani gari la Mzee Tarcisio lilikuwa linatafuta kivuli. Ngazi zilikuwa zinampa kazi kwa sababu ya goti, kwa hiyo Nabangala alikuwa na muda wa kutosha kufuta mikono, kuchemsha maji ya chai na kuvuta kiti hadi karibu na meza. Seli zilisubiri pale pale ukingoni.

Hakuna aliyeona ajabu. Seli zina tabia zake. Za fundi gereji mmoja wa Namuwongo zilikuwa zinatetemeka kila treni ya mizigo ilipopita, ingawa maabara iko juu ya kilima na treni haisikiki. Za muuza samaki fulani ziligoma kula siku za Ijumaa. Mtu akishafanya kazi na seli za watu kwa miaka mingi huacha kuuliza. Huangalia joto la kabati, akafunga mlango, akaenda zake.

Nabangala alikuwa mtaalamu wa kingamwili, na katika kingamwili alijishughulisha na kitu kimoja tu, kumbukumbu. Mwili ukipigana na adui, askari wake wengi hufa. Wachache hubaki wakizunguka katika damu, mwaka baada ya mwaka, wakimtafuta yule yule. Wakimwona tena hawangoji amri. Wahenga walilisema hilo bila hadubini: aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nabangala alitaka kujua kama askari hao wanaweza kufundishwa kuikumbuka kansa namna hiyo.

Bi Kulusum alikuwa na kansa ya wayo. Ilianza kama doa jeusi chini ya mguu wa kulia, akadhani ni masizi, akalisugua kwa jiwe. Ilipopanda hadi kwenye mtoki, tezi ya kinena, madaktari wakamkata uvimbe, na ndani ya uvimbe ule Nabangala akakuta kile alichokuwa anakitafuta kwa muda mrefu: seli chache, kali, zilizokuwa zimeshaitambua kansa na kuanza kuila. Ila zilikuwa chache mno. Kazi iliyobaki ilikuwa kuzilea kwenye chupa mpaka ziwe jeshi, halafu kumrudishia mwenyewe kwa mshipa wa mkono. Ni kazi inayofanana na kulea vifaranga. Inataka joto, chakula na subira, na isiwe na fujo.

Mzee Tarcisio ndiye aliyekuwa fujo, lakini hilo lilikuwa bado halijajulikana.

Alikuwa mwenyekiti wa bodi ya maabara, polisi mstaafu wa cheo cha juu, mtu mpole mwenye kofia ya kijivu. Siku ya kwanza alikuja na wageni. Seli zilipojikusanya mbele yake, wageni wakamtazama Akech, naye Akech, ambaye hakosi jibu, akasema, "Zinakuamkia, mzee." Katika mji ambao mtoto hupiga magoti akimwona mtu mzima, na asiyesalimia hudhaniwa ni mgonjwa, maelezo hayo yalitosha. Mzee Tarcisio alivua kofia. Kesho yake akarudi peke yake, na keshokutwa pia.

"Habali ya hawa watoto?" ndivyo alivyokuwa anauliza akiingia, kwa Kiswahili alichojifunzia kambini. Kisha anaketi. Chupa inamwelekea. Anakunywa chai yake taratibu na kuzitazama, na uso wake unalegea kama wa mtu aliyevua viatu. "Nimereta komamanga, musawo," anamwambia daktari. "Kwangu yanaoza tu."

Nabangala aliyapokea. Alikuwa mwanamke Mbukusu wa Chwele, ng'ambo ya mpaka. Aliingia Kampala kusoma muda mfupi baada ya vita vya themanini na sita, wakati kuta za mjini bado zina matundu ya risasi, akasema atakaa kidogo. Kidogo ikawa maisha. Nyumbani ndugu zake walimwita "yule wa Kampala", na Kampala watu walimwita "yule Mkenya". Alikuwa amepanga vyumba viwili Luzira, karibu na gereza, na kila jioni alikula akitazama ukuta huku askari jela wakiimba upande wa pili. Komamanga moja lilimchukua jioni nzima, punje moja moja. Mbegu zake zilikuwa nyeupe, karibu zisiwe na rangi kabisa, na tamu kupita kiasi.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia mtu. Katika miaka yote ya kulea seli za watu, hakuna seli hata moja iliyowahi kumgeukia yeye. Alianza kuangalia kwa mzaha. Aliingia polepole, akasimama mlangoni, akachungulia chupa. Mzaha ukaisha, akaendelea kuangalia. Zote zilibaki zimetawanyika, kana kwamba aliyeingia ni upepo. Kwa hiyo alielewa vizuri sana kwa nini mzee anapanda ngazi zote zile na goti lake bovu, na kwa nini yeye mwenyewe ikifika saa tisa na nusu huanza kuangalia birika.

Siku moja, mzee akiwa kwenye kiti chake, Nabangala aliisogeza chupa chini ya hadubini. Kila seli ilikuwa imesukuma mbele vile vifuko vidogo vya sumu inavyobeba tumboni, na vifuko vyote vilikuwa vimepangwa upande wa mzee, vikigusa kioo. Alikuwa ameona mpangilio huo mara nyingi. Hiyo si salamu. Ndivyo seli inavyokaa kabla ya kuua.

Aliinua macho. Mzee alikuwa anatabasamu na chai yake.

"Ziko vizuri?"

"Ziko vizuri, mzee," Nabangala akasema, akamwongezea sukari.

Alijiambia kwamba mwanasayansi hasemi jambo mpaka awe na hakika. Ni kanuni nzuri, na siku hiyo ilimfaa kweli kweli.

Bi Kulusum alikuja kliniki wiki iliyofuata, akiegemea bega la mpwa wake Maimunah. Walitoka Kisenyi, kwenye chumba nyuma ya gereji, ambako mama huyu alifuma vikapu vya rangi na kuviuza kwa Wasomali. Alikuwa Mnubi, mrefu, mkavu, amevaa gurbaba ya manjano iliyopigwa pasi. Maimunah alibaki nje kwenye benchi. Nabangala alimpima, akamfunga upya kidonda cha wayo, na alipogeuka kutupa pamba akamkuta mama ameshika komamanga lililokuwa mezani, nusu limeliwa.

"Haya umeyatoa wapi, binti yangu?"

"Ni zawadi. Yanatoka nyumba moja kule Luzira, karibu na ziwa."

Bi Kulusum alichukua punje moja, akaitazama kwenye mwanga, akaitia mdomoni. Alitafuna bila haraka.

"Mti uko mlango wa jikoni," akasema. "Niliupanda mimi. Kwetu kondo la mtoto huzikwa nyumbani, mti ukapandwa juu yake. Lile lilikuwa kondo la Latif, mwanangu wa kwanza. Mume wangu alikuwa karani bandarini Port Bell, nyumba aliijenga Jumapili kwa Jumapili. Mwaka wa sabini na tisa watu walikuja kututafuta sisi Wanubi. Tukatoka na nguo za mwilini. Wali niliuacha motoni. Tulikwenda kwa miguu mpaka Sudani. Mume wangu hakufika, Latif alifika akafia huko. Vita vya pili vilipoisha nikarudi, nikapiga hodi kwangu. Akafungua mtu mmoja, mpole sana. Akaniambia, mama, umepotea. Akanipa maji. Akanipa na komamanga mawili ya njiani."

Alisema hayo yote kwa sauti ya mtu anayeelekeza njia ya sokoni.

"Anakohoa kwanza kabla ya kufungua mlango," akaongeza. "Bado anakohoa?"

"Bado," Nabangala akasema. Kisha akamweleza kuhusu chupa, kwa kuwa ilikuwa haki yake. Bi Kulusum alisikiliza na hakushangaa. Mwili ulikuwa wake, aliujua.

"Kwa hiyo zinamtaka yeye."

"Ndiyo, mama. Na hapo ndipo penye shida. Zinamwona, zinajiandaa, na katikati kuna kioo. Zinakaa hivyo jioni yote. Seli ikikaa mbele ya adui bila kumfikia huchoka. Haifi, ila inakuwa ipo tu. Ukirudishiwa seli zilizochoka hazitaigusa kansa."

"Mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe," Bi Kulusum akasema. Alirudisha komamanga mezani, akajifuta vidole. "Nyumba nimekwisha kuiacha, binti yangu. Nimekalia benchi zote za ofisi za mji huu nikiidai, mpaka nyingine zina umbo langu. Nyumba akae nayo. Lakini zile ni zangu, na mimi nataka kuishi. Mwambie asije mpaka nitakapotiwa. Ni hilo tu."

"Nitamwambia."

"Niahidi."

"Nakuahidi, mama."

Na alimwambia, hilo lazima lisemwe. Jioni hiyo hiyo, Akech alipokwenda kuosha vyombo, Nabangala aliketi mbele ya mzee na kusema, "Mzee, hizi seli hazikusalimii."

"Zinafanya nini?"

"Zinataka kukuua. Ni za Mama Kulusum. Anasema nyumba unayokaa ni yake."

Mzee Tarcisio alipuliza chai yake. Chupa ilikuwa imemkodolea macho, nyeupe upande mzima.

"Yule mama," akasema hatimaye. "Alikuja vita imeisha. Mimi nilimpa maji." Alifikiri kidogo. "Nyumba nilikuta wazi, musawo. Sufuria iko kwa jiko, wali umeungua. Nyumba haiwezi kukaa bila mtu. Kama si mimi, mwingine. Na karatasi yangu yote iko sawa."

"Sijauliza karatasi. Naomba usije mpaka mama atiwe seli zake. Zinachoka ukikaa hapa. Zikichoka, atakufa."

Mzee alizungusha kofia mikononi. Hakuwa amekasirika. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekasirika.

"Mke wangu alikufa," akasema. "Watoto iko Kanada. Mimi nikiingia ile nyumba, hata mbwa hainui kichwa. Hapa nafika chini tu na gari, na hawa wananijua. Mtu kukujua hivyo, si kitu kidogo."

"Zinakuchukia, mzee."

"Kale, sawa," akasema. "Lakini zinanigeukia."

Kesho yake, saa kumi, ukungu ukajikusanya tena upande wa mlango. Akech alimtazama daktari. Ufunguo wa maabara ulikuwa kwenye mfuko wa koti la Nabangala. Aliusikia ukigonga kalamu. Angeweza kufunga. Angeweza kusimama ngazini na kumrudisha mtu mzima mlangoni, jambo ambalo mtu aliyelelewa vizuri halifanyi, lakini hufanyika pakiwa na sababu. Badala yake alifikiri kwamba dizeli ya jenereta husainiwa na mwenyekiti wa bodi, na umeme ukikatika bila jenereta seli zote zitakufa, za Bi Kulusum na za wengine. Ilikuwa sababu ya kweli, na alijua kwamba hiyo siyo sababu. Sababu ilikuwa kwamba maji yalikuwa yameshachemka. Alikuwa mpweke, na saa kumi ilikuwa ndiyo saa pekee ya siku ambayo mtu alimuuliza habari zake na kungoja jibu.

Kikohozi kikasikika nje ya mlango. Nabangala akafungua.

Mzee alikuja siku zote zilizobaki. Walizungumza mambo ya mvua, goti, na bei ya samaki. Seli zilimngojea kila siku, ila kila siku zilichelewa kidogo zaidi, na siku ya mwisho zilisogea kama watu wanaoamka kwenda kazini.

Asubuhi ya kutiwa seli, Bi Kulusum alilala kwenye kitanda cha kliniki, mkono umenyooshwa. Mikono alikuwa ameitia hina. Maimunah alikuwa amekaa miguuni pake na tasbihi. Nabangala alining'iniza mfuko, akausafisha mshipa, na wakati ameishika sindano mama akamuuliza, taratibu, "Alikuja?"

"Hakuja, mama," Nabangala akasema.

Bi Kulusum alimtazama usoni, bila hasira yoyote, kwa muda ambao mtu huhitaji ili kumtambua mwingine baadaye. "Ahsante, binti yangu," akasema, akafumba macho. Seli zikaanza kushuka katika mrija, zikaingia nyumbani kwao.

Baada ya muda Nabangala alimtoa damu ili aone zinaendeleaje. Zilikuwepo, nyingi, zikizunguka. Zilikuwa zinapita kando ya kansa kama watu wa mjini wanavyompita mtu aliyelala barabarani. Uvimbe wa mtoki ulirudi, ukafuatwa na wa tumboni. Bi Kulusum hakulalamika wala hakuuliza tena. Alikufa mwezi wa Shaabani, akazikwa siku ile ile kabla ya jua kuzama, kama ilivyo ada yao.

Nabangala alikwenda matangani Kisenyi. Aliketi kwenye mkeka miongoni mwa wanawake asiowajua, nyuma ya gereji, wakamletea kahawa ya tangawizi katika kikombe kidogo. Maimunah alimshika mikono yote miwili. "Shangazi alisema ulijitahidi," akasema. Nabangala alitamani lile shimo la kubadilishia oili lililokuwa upande wa pili wa ukuta lifunguke limmeze. Halikufunguka. Alimaliza kahawa, akaomba ruhusa, akaondoka.

Nyumba ya Luzira iko pale pale. Imepakwa rangi mpya upande wa ziwa. Mkomamanga wa mlango wa jikoni ulizaa vizuri mwaka huo, na Mzee Tarcisio aliendelea kuleta matunda yake katika mfuko wa karatasi.

Kwa kuwa mzee bado alikuwa anakuja. Ile damu ya mwisho ya Bi Kulusum Nabangala hakuitupa. Alitenga seli zake, akazitia kwenye chupa mpya, akazilea. Akech alipomuuliza za nini sasa, alisema ni za utafiti, na Akech hakuuliza tena. Zilikua polepole. Hazikuwa na nguvu ya kumuua mtu wala kitu, lakini kumbukumbu ni kitu kingine na nguvu ni kitu kingine, na hilo Nabangala alilijua kabla ya yeyote.

Siku ya kwanza ya kuzitoa kwenye kabati, alikuwa peke yake. Akech alikuwa amekwenda stoo, mzee bado hajafika. Nabangala aliweka chupa mezani, akaenda kujaza birika, akarudi. Maji ya pinki yalikuwa na ukungu upande mmoja.

Alitazama dirishani. Ua ulikuwa mtupu. Alitazama mlango, kisha akatazama chupa tena. Ukungu haukuwa upande wa mlango.

Mzee Tarcisio alipokohoa na kuingia, seli ziligawanyika. Nusu zilikwenda kwake, nusu zikabaki, na katikati maji yakawa safi kabisa. Mzee alivua kofia. Alitazama upande wake, akatazama upande wa pili, akamtazama Nabangala, na akaelewa, maana polisi huelewa. Alimsogezea sukari.

Nabangala alimimina chai vikombe viwili. Aliketi. Kisha, bila kujua kwa nini anafanya hivyo, akakivuta kiti chake kidogo upande wa kushoto, na zile zake zikahama naye.